Betri ya volti 6 ya boksi jeusi: tunaipima kipande kwa kipande

Mwenye gari la miaka ya 1920 anayetaka liwake kwa stata, si kwa hendeli, hafiki mbali kabla ya kukutana na swali la betri. Zinazouzwa kwa ajili yake ni za aina mbili, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha: moja imejengwa kama zamani kweli, nyingine ina sura ya zamani nje na pleti za kisasa ndani. Tathmini hii ni ya muundo wa zamani wenyewe: volti 6, seli tatu, pleti 13 kwa kila seli, boksi la raba ngumu, madaraja ya risasi yanayounganisha seli yakionekana juu na lami nyeusi ikiziba mdomo.

Hukumu tunaitoa mapema. Ni betri inayorekebishika kuliko karibu zote zilizokuja baada yake, na inaamsha injini ya enzi yake bila kusuasua. Ila haisamehi uzembe: uzembe wa maji, wa waya, wala wa chaji. Na sehemu inayoamua kama itadumu au itakufa mapema ni ile ambayo mnunuzi haioni, yaani kile kilichowekwa kati ya pleti na pleti.

Iliajiriwa kazi ya pili

Betri ya risasi na asidi ni kongwe kuliko gari lenyewe. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa aliviringisha karatasi mbili za risasi pamoja, akaweka kitu cha kuzizuia zisigusane, akazizamisha kwenye asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali. Ilifanya kazi, ila risasi tupu ilibidi ifunzwe: ichajiwe, itolewe chaji, irudiwe tena na tena kwa muda mrefu mpaka uso wake upate vinyweleo vya kutosha kuhifadhi umeme. Mwaka 1881 Camille Faure akaufupisha mwendo huo kwa kupaka rojo la oksidi ya risasi juu ya pleti. Ujazo ukapanda mara moja, na tatizo jipya likaja nalo: rojo likishakauka na kutikiswa, linabanduka. Jibu halikuchelewa. Mwaka huohuo wabunifu wawili, Swan na Volckmar, kila mmoja kwa njia yake, waliacha bamba bapa wakatumia wavu wa risasi wenye matundu, rojo likashindiliwa ndani ya matundu. Mbunifu mwingine, Sellon, akachanganya metali ya antimoni kwenye risasi ili wavu huo uwe mgumu. Kwa hiyo pleti ya miaka ya 1920, ukiiangalia kiini chake, ilikwisha kubuniwa miaka arobaini kabla.

Kazi yake ya kwanza barabarani ilikuwa kusukuma gari zima. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme mjini Paris. Tarehe 29 Aprili 1899 Camille Jenatzy alifikia kilomita 105.88 kwa saa kwa gari la betri huko Achères. Betri ya kazi hiyo huombwa umeme wa wastani kwa muda mrefu, kwa hiyo hutengenezwa kwa pleti nene zenye dawa nyingi, yaani lile rojo. Magari ya petroli ya wakati huo yalikuwa na haja ndogo sana na betri. Cheche ilitoka kwenye magneto (kijimashine kinachozalisha umeme wa cheche kikizungushwa na injini) au seli kavu, na taa ziliwaka kwa gesi ya kabidi.

Mambo yaligeuka Cadillac ilipotoa magari yake ya mwaka 1912 yakiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kettering alikuwa ametengeneza mota ya kuendesha mashine za kuhesabia fedha madukani, na hapo alikwisha kuona kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi mradi iwe kwa sekunde chache tu. Akaliingiza wazo hilo kwenye gari, na betri nayo ikalazimika kulifuata. Kuanzia hapo haikuombwa tena ampea chache kwa saa nyingi. Iliombwa mamia ya ampea kwa sekunde tano, kisha ikae irudishiwe na dainamo njia nzima. Mfumo ule wa kwanza ulipanga betri kuwa volti 24 wakati wa kuwasha na volti 6 wakati wa kuchaji. Swichi yake ilikuwa na mambo mengi, na haikupita miaka mingi volti 6 pekee ikawa desturi.

Hili ndilo la kushika unapoipima betri hii. Umeme mwingi wa ghafla hautoki kwenye uzito wa dawa, unatoka kwenye upana wa uso ulioguswa na asidi. Ndiyo maana pleti zikawa nyembamba na nyingi. Asiyelijua hilo huinyanyua betri, akaona ni nzito, akaisifia.

Pleti

Katika pleti 13 za seli, sita ni chanya na saba ni hasi. Hasi huzidi kwa moja kwa sababu pleti chanya hutanuka na kujikunja ikifanyishwa kazi upande mmoja tu; kila chanya ni lazima ikae katikati ya hasi mbili. Ukifungua seli iliyojaa chaji, chanya ni za rangi ya kahawia iliyokolea kama chokoleti, na hasi ni za kijivu, laini kwa ukucha. Chanya yenye madoa meupe ni ya betri iliyolala bila chaji ikaganda salfeti.

Unene wa kawaida wa pleti za betri hizi ulikuwa karibu milimita 3, na zile nyembamba zaidi karibu milimita 2.4. Nyembamba hutoa umeme mkali zaidi ndani ya boksi lilelile kwa kuwa zinaingia nyingi, lakini wavu wake huliwa mapema. Kwa gari linalotembea mara moja kwa wiki sisi tungechukua nene. Sababu ni kwamba gari la namna hiyo halichakai kwa kuwashwa mara nyingi. Linachakaza betri kwa kuiacha nusu chaji.

Antimoni tunaipa alama nzuri na mbaya kwa pamoja. Bila hiyo risasi ni laini mno, haijai vizuri kwenye kalibu, na wavu haulishiki rojo. Lakini kila wavu wa chanya unavyoliwa, antimoni huyeyuka, husafiri ndani ya asidi na kutua kwenye pleti hasi. Ikifika huko hufanya mambo mawili: betri hupoteza chaji yenyewe ikiwa imekaa, na wakati wa kuchajiwa hutoa gesi mapema, yaani hunywa maji. Ndiyo sababu betri ya muundo huu ikizeeka kiu huongezeka. Mtu akiona seli zote tatu zinataka maji mara mbili ya zamani, na dainamo haijaguswa, basi uzee umeingia. Ikiwa ni seli moja tu inayokunywa kuliko wenzake, huo si uzee. Boksi lina ufa au seli hiyo ina hitilafu yake.

Ubao kati ya pleti

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo betri hii ilipofaulu na kushindwa.

Pleti 13 zina nafasi 12 kati yake, kwa hiyo kila seli ina vitenganishi 12 na betri nzima 36. Katika muundo wa zamani ni vipande vyembamba vya ubao, mara nyingi mwerezi, vyenye mifereji upande mmoja na ubapa upande wa pili. Ubao mbichi hauingizwi hivihivi. Hupikwa kwanza kwenye maji ya moto yenye magadi makali ya sodiamu ili kuondoa utomvu na zile asidi za mti zinazokula risasi, kisha husafishwa na kuwekwa kwenye unyevu mpaka siku ya kutumika. Ukikauka baada ya hapo, hujikunja na kupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiua seli.

Upande wa mifereji huelekea pleti chanya, na mifereji husimama wima. Hakuna sheria ya karakana inayovunjwa na wanafunzi kuliko hii, na sababu zake ni tatu. Dawa inayobanduka hutoka zaidi kwenye chanya, na mfereji wima huiacha ianguke chini badala ya kukwama. Gesi nayo hupanda kwa njia hiyohiyo. Na chanya huunguza ubao. Matuta ya mifereji huuweka ule utando mwembamba wa ubao mbali kidogo na moto huo. Ukiugeuza, ubapa ukaelekea chanya, ubao huwa mweusi na kuwa laini kama karatasi iliyolowa kabla ya wakati wake.

Kitenganishi kikitoboka, risasi ya sponji kutoka upande hasi huota kama kijimizizi kupitia tundu mpaka iguse chanya. Dalili zake ziko wazi kwa anayepima. Seli mbili zinasoma sawasawa, ya tatu imeanguka. Ukiichaji haichemki kama wenzake. Ukigusa daraja lake baada ya saa moja ni la moto. Hiyo ni shoti ya ndani, na hakuna chaji ya taratibu wala dawa ya chupa itakayoitoa. Inafunguliwa au inatupwa.

Kampuni ya Willard ya Marekani ilijaribu kuachana na ubao kwa kutumia karatasi ya raba iliyopenyezwa maelfu ya nyuzi, asidi ipite kwenye nyuzi na raba izuie mguso. Lilikuwa wazo la busara kubwa: raba haikauki ikapasuka, wala chanya haiiunguzi upesi. Betri kama hiyo iliweza hata kusafirishwa ikiwa kavu, jambo ambalo kwa ubao uliolowa ni shida.

Lakini ubao ulikuwa na siri. Vitenganishi vya raba na vingine visivyo vya mti vilipoanza kushika nafasi yake, pleti hasi za betri nyingine zilionekana kudhoofika, hasa kwenye baridi, ingawa zilitengenezwa kwa dawa ileile. Chanzo kikaja kujulikana: ubao ulikuwa ukitoa kidogokidogo lignini, ile gundi ya asili ya mti, na lignini hiyo ilizuia sponji ya pleti hasi isishikamane na kuwa bonge. Kwa maneno mengine kile kipande kilichodhaniwa ni ukuta tu kilikuwa pia kinailisha pleti. Tangu hapo watengenezaji huchanganya lignini ndani ya rojo la pleti hasi, pamoja na salfeti ya bariamu na masizi, na hata betri za leo zinafanya hivyo. Kwa hiyo ukiijenga upya betri ya zamani na kuweka vitenganishi vya kisasa kwenye pleti hasi zilizotengenezwa kwa kutegemea ubao, usishangae ikiwa dhaifu asubuhi za baridi. Vitenganishi vya kisasa vinataka pleti za kisasa.

Boksi na lami

Betri za kwanza za stata zilikuwa mitungi mitatu ya raba ngumu iliyopangwa ndani ya sanduku la mbao lililopakwa rangi ya kuzuia asidi. Sanduku hilo lilioza. Asidi kidogo ikimwagika wakati wa kuongeza maji, inaingia kwenye maungio, vishikio vya chuma vinaliwa, na siku moja betri inaachana na sanduku lake mkononi mwa mtu. Boksi la kipande kimoja lenye vyumba vitatu lilimaliza hilo, na kwa sehemu hii hatuna lawama isipokuwa moja: raba ngumu huvunjika. Ukikaza kupita kiasi vyuma vya kuishikilia chini, pembe hupasuka. Kaza mpaka betri isicheze, basi.

Chini ya boksi kuna matuta yanayobeba pleti ili mashapo yapate nafasi ya kujikusanya. Mashapo yakifika juu mpaka kugusa pleti, seli huingia shoti kutoka chini. Mtu akiipindua betri kuimwaga na kuisuuza, humwaga mashapo kidogo na mengine huyasukuma katikati ya pleti. Usifanye.

Lami ya juu hupasuka kwenye baridi na kulainika kwenye joto. Ufa kuzunguka kichwa cha betri huiacha asidi itambae juu, na uso wenye unyevu wa asidi huunganisha vichwa viwili polepole usiku kucha. Kipimo chake ni rahisi: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi na nyingine juu ya lami, sentimita chache tu. Ikisoma volti, uso ni mchafu. Funga vizibo vizuri, pangusa kwa maji yenye baikaboneti ya soda mpaka povu liishe, suuza, kausha. Tone la soda likiingia ndani ya seli linaua nguvu ya asidi, kwa hiyo vizibo kwanza.

Madaraja ya juu

Kama kuna jambo moja tunalolikosa kwenye betri za kisasa, ni haya madaraja ya risasi yanayoonekana. Kwa kuwa yako wazi, kila seli inapimika peke yake. Seli iliyotulia husoma kwa volti takriban sawa na kipimo chake cha haidromita (chombo kinachoonyesha asidi ni nzito mara ngapi kuliko maji) ukijumlisha 0.84: asidi ya 1.280 inakupa volti 2.12. Kipimo kikitofautiana sana na hesabu hiyo, rudia kupima kabla ya kulaumu betri.

Kisha mtu azungushe stata huku cheche imezimwa, nawe upime seli moja baada ya nyingine. Zote zitashuka, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni ile inayoshuka peke yake, zaidi ya wenzake kwa volti 0.2 au zaidi. Hapo umeshajua seli ya kufungua bila kubahatisha. Mafundi wa zamani walikwenda mbali zaidi: walichovya kijiti cha kadimi ndani ya asidi na kupima chanya na hasi kila kundi kwa upande wake, wakajua kama waliochoka ni chanya au hasi. Kadimi ni sumu, lakini mbinu yenyewe ni ya kuheshimiwa.

Kufungua ni kazi ya utaratibu. Betri ichajiwe kwanza. Vizibo vitolewe na kila seli ipulizwe hewa kuondoa hidrojeni, kwa kuwa moto utakaokuja baadaye haucheki na mtu. Daraja hutobolewa katikati ya kila kichwa kwa keekee mpaka muungano wake na nguzo ukatike, kisha hunyanyuliwa. Lami hulainishwa kwa mvuke au kisu kilichopashwa moto na kukwanguliwa. Fungu la pleti huvutwa wima kwa koleo mbili, taratibu, na kuegeshwa juu ya mdomo wa seli lichuruzike. Pleti hasi zilizolowa zikiachwa hewani hupata joto zenyewe, hivyo ziwekwe ndani ya maji mara moja. Vitenganishi vibadilishwe vyote, hata vile vinavyoonekana vizima. Kuunganisha tena daraja na nguzo hufanyika kwa kuyeyusha risasi ya daraja, ya nguzo na ya kijiti cha kujazia kwa pamoja mpaka ziwe kitu kimoja. Kosa la kawaida ni kuyeyusha ya juu tu: panang'aa vizuri, lakini chini pana nafasi, na stata ikiita ampea 200 daraja linachemka.

Mshindani wake aliyekuwa imara kuliko wote

Thomas Edison aliichukia risasi, akatoa betri ya nikeli na chuma kwa magari ya umeme. Toleo lake la kwanza la mwaka 1903 lilivuja na kupoteza ujazo, likaondolewa sokoni. Lile lililoboreshwa lilikuja mwishoni mwa muongo huo, likiwa na mirija ya chuma iliyoshindiliwa hidroksidi ya nikeli na vipande vyembamba vya nikeli kwa tabaka mamia, ndani ya kopo la chuma lenye hidroksidi ya potasiamu na lithiamu. Kwa uimara hakuna cha kuilinganisha. Huiui kwa kuiacha bila chaji, huiui kwa kuichaji kupita kiasi.

Ila kwa stata haifai. Seli yake hutoa takriban volti 1.2, hivyo volti 6 zinataka seli tano badala ya tatu. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa. Ukiidai ampea nyingi kwa ghafla volti zake zinaporomoka, na kwenye baridi hali huwa mbaya zaidi. Kwa lori la umeme linalotembea siku nzima tungeichagua bila kusita. Kwa kuamsha injini ya petroli, risasi inashinda.

Ikiwa ndani ya gari

Malalamiko mengi kuhusu betri za volti 6 ni malalamiko kuhusu waya. Chukua mfano: stata inaita ampea 200 kupitia mita 2 za waya wa shaba. Waya wa milimita za mraba 16, unaotosha gari dogo la volti 12, hupoteza volti 0.44 njiani. Waya wa milimita za mraba 50 hupoteza 0.14. Kwenye volti 6, hiyo ya kwanza ni zaidi ya asilimia 7 ya nguvu iliyopotea kabla ya kuhesabu vichwa vyenye kutu na muungano wa chesisi uliopakwa rangi. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kaza, halafu ndipo uilaumu betri.

Angalia pia upande unaofungwa kwenye chesisi. Ford Model T ilifunga hasi. Model A iliyoifuata ilifunga chanya. Anayebadilisha betri kwa mazoea ya gari la kisasa huigeuza, na dainamo na katauti (swichi inayozuia umeme wa betri usirudi kwenye dainamo) hupata madhara.

Dainamo yenyewe, ile ya brashi ya tatu, haipimi volti za betri. Inasukuma ampea kadiri brashi ilivyowekwa na mwendo wa injini, iwe betri ina njaa au imeshiba. Safari ndefu ya mchana huichemsha betri: maji yanaisha, nyavu za chanya zinaliwa, ubao unaungua. Wenye magari hayo wanawasha taa kubwa mchana kwenye safari ndefu ili sehemu ya umeme iende huko, na ni ushauri sahihi kabisa. Kwa safari fupi za usiku kinyume chake hutokea, betri haishibi. Brashi iwekwe kulingana na matumizi ya gari, na ipunguzwe msimu wa safari ndefu.

Kuijaza mara ya kwanza

Betri inayouzwa kavu hujazwa asidi iliyochanganywa tayari, ya takriban 1.265, mpaka milimita 10 juu ya pleti. Anayechanganya mwenyewe kutoka asidi kali atumie chombo cha kioo au plastiki ngumu, na amimine asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi; sehemu 5 za maji kwa sehemu 2 za asidi kali kwa ujazo hutoa karibu 1.300, na mchanganyiko huo ukiwa wa moto haumiminwi kwenye betri. Miwani na glavu si pambo.

Iache inywe kwa saa kadhaa, kwa kuwa pleti na ubao hufyonza na kiwango hushuka. Ongeza asidi ileile hapo tu. Baada ya siku hiyo kinachoongezwa ni maji safi yaliyokenekwa, maana kinachopotea ni maji. Kwa betri ya ampea-saa 80 chaji kwa ampea 4 hadi 5. Imejaa pale haidromita na mita zinaposoma vilevile mara tatu mfululizo kwa nafasi ya saa moja, seli zote zikitoa povu. Joto la asidi likikaribia nyuzi 43 za Selsiasi, punguza au simamisha. Ubao hauvumilii zaidi ya hapo. Na usisome haidromita bila kuangalia joto: kila nyuzi 5.5 juu ya 27, ongeza 0.004 kwenye kipimo. Chini yake, punguza.

Baada ya hapo 1.280 ni iliyojaa, 1.220 ni karibu nusu, 1.150 ni tupu. Iliyo tupu huweza kuganda kwa baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri na kupasua boksi, ilhali iliyojaa haigandi katika baridi ya kawaida.

Unapoinunua

Muulize muuzaji kama vitenganishi ni vya ubao, vya raba au vya plastiki. Asiyejua anauza boksi. Ikiwa ni vya plastiki na pleti za kisasa ndani ya sura ya zamani, si kosa hata kidogo: kwa gari la kuendeshwa kila wiki tungependekeza hiyo, mradi madaraja ya juu ni ya kweli na si pambo lililobandikwa. Ili kujua, pima volti kati ya madaraja mawili ya katikati. Yakiwa ya kweli utapata seli moja, karibu volti 2.1. Yakiwa ya pambo mita haisomi kitu cha maana, na hapo umepoteza njia yako ya kuipima seli moja moja.

Ikiwa ni ya ubao, toa kizibo na uchungulie kwa tochi. Kingo za juu za vitenganishi ziwe zimenyooka, zimepita juu ya pleti kidogo, na ziwe na rangi ya mti uliolowa. Kingo nyeusi, zilizojikunja au zilizo chini ya mdomo wa pleti zinamaanisha betri hiyo ilikaa kavu au ilichemshwa. Na kama imekuja na asidi ndani huku imekaa dukani zaidi ya miezi mitatu bila kuchajiwa, iache hapo hapo hata kama boksi linang'aa.